Watu Arobaini wa Kupumzishwa

Orodha ilitoka saa nne asubuhi, na mwanangu alikuwa wa kumi na mbili.

Nilikuwa nimepiga magoti chini ya benchi namba tisa, nakaza bawaba iliyolegea, kishikwambi nimekiegemeza kwenye sanduku la spana. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi Uwanja huleta majina arobaini. Mimi huyapitia, hubonyeza "thibitisha" kabla ya saa kumi jioni, kazi imekwisha. Nimefanya hivyo miezi thelathini na moja. Majina huwa siyasomi. Nasoma namba za vigae, nione kama kuna kilichoharibika kikatoa kipimo cha uongo. Siku hiyo jicho lilikwenda lenyewe kwenye jina ambalo nimeliandika kwenye madaftari ya shule, kwenye sweta, kwenye chupa ya maji.

Nyemo Lameki. Miaka kumi na sita. Mzigo: 81. Apumzishwe siku tisini.

"Mtani," sauti ikasema juu yangu, "Mgogo akikaa chini muda mrefu hivyo, watu watadhani anapanda mtama."

Alikuwa Kihwele, mfagiaji wa Uwanja, ufagio wa chelewa begani kama bunduki. Yeye Mhehe wa Iringa, mimi Mgogo wa hapa hapa Dodoma. Makabila yetu yalipigana zamani mpaka yakachoka, yakabaki na utani. Kwa hiyo Kihwele ana haki ya kunisema atakavyo, nami sina haki ya kukasirika.

"Niache, Kihwele."

"Nikuache hapa? Upepo ukikubeba nitamwambia nini Mhandisi?"

"Nimesema niache!"

Alishusha ufagio. Alinitazama, kisha akatazama kishikwambi, nami nikakigeuza uso chini kwenye udongo. Hakuuliza. Alikwenda kufagia chini ya mizabibu, anapiga mluzi, na mimi nikabaki nimeshika spana ambayo sikumbuki tena ilikuwa ya bolti gani.

Kupumzishwa maana yake geti halikufungukii. Basi. Hakuna kipigo wala faini, hata barua yenyewe ni ya upole. Lakini tangu mji uezekwe Paa kwa ajili ya jua, madirisha ya nyumba zetu hayafunguki, na Uwanja ndio mahali pekee katika Kata ya Saba ambapo jicho linaweza kwenda zaidi ya hatua thelathini bila kugonga ukuta. Kila mtu ana nusu saa yake kwa siku. Mtu mzima mwenye kazi na marafiki anaweza kuvumilia siku tisini bila hiyo nusu saa.

Yeriko, kijana wa mlango unaotazamana na wetu, alipumzishwa mwezi wa tatu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku ya tisa mama yake alimkuta amekufa. Amejiua.

Orodha ya mwezi wa tatu niliithibitisha mimi.

*

Mhandisi Rehani ni kijana, ana miaka kama thelathini na mbili, na ana adabu. Nilipoingia ofisini kwake alisimama.

"Shikamoo, Mama Nyemo."

"Marahaba. Mtoto wangu yuko kwenye orodha. Mtoe."

Hakujifanya kushangaa. Alikaa, akageuza kioo cha mezani ili nami nione. "Nimeliona. Pole sana, mama. Lakini orodha haina pengo. Ni watu arobaini. Ukimtoa mmoja, wa arobaini na moja anapanda."

"Basi waweke thelathini na tisa."

"Wewe ndiye uliyesema arobaini." Alisema taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichosahau. "Tulisoma ripoti yako chuoni, mama. Ukurasa wa kumi na nne una mchoro. Mimi niliuchora kwenye mtihani."

Ni kweli. Nina stashahada ya mipango miji, si zaidi, lakini ile ripoti niliiandika mwenyewe na bado naweza kuisoma kwa kichwa. Uwanja wetu una hekta nne kwa watu elfu kumi na moja. Nafasi hiyo ni ndogo mno, kwa hiyo ilibidi kila mita ifanye kazi. Njia hazinyooki, lakini kila kona unaona pa kutokea, maana mtu asiyeona pa kutokea moyo wake haushuki. Mabenchi yamekaa kimshazari, ili wawili waweze kuzungumza bila kulazimika kutazamana machoni. Maji yanapita juu ya mawe kwa sauti inayotosha kuficha mngurumo wa feni za Paa. Vigae vinapima hatua, mabenchi yanapima pumzi, na kutokana na hayo kila mtu anapata namba moja kutoka sifuri hadi mia. Hiyo tunaiita mzigo.

Nilipima miaka miwili. Nikaona kwamba mtu mwenye mzigo wa zaidi ya sabini na nane akikaa katikati ya wenzake, watu sita wa karibu yake hutoka getini wakiwa wazito kuliko walivyoingia. Sita kwa mmoja. Nikapiga hesabu, nikapendekeza mambo mawili. La kwanza, vigae viinuke kidogo sana, nyuzi mbili tu za mteremko, ili watu wazito waelekee Kona ya Mashariki bila kujua kwamba wanaelekezwa. Kule kuna viti vya mtu mmoja mmoja. La pili, wale arobaini wanaozidi wote wapumzishwe, ili Uwanja uendelee kuwafaa wale elfu kumi na ushei waliobaki. Mizigo ya kata ilishuka kwa robo ndani ya mwaka mmoja. Mimi nilipewa cheti na birika la umeme.

"Nyemo hatamaliza siku tisini," nilimwambia Rehani.

"Mama, usiseme hivyo. Mshauri wa vijana atampigia simu kila Ijumaa."

"Yeriko alipigiwa simu Ijumaa. Alisema yuko sawa, anashukuru."

Rehani alifuta kioo kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. "Kama kigae kimeharibika," alisema bila kunitazama, "fundi anaruhusiwa kufuta vipimo vyake. Mhusika anapimwa upya siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi. Hiyo ndiyo kanuni. Mimi sijasema kigae chochote kimeharibika."

"Wa arobaini na moja ni nani?"

"Ukijua itakusaidia nini?"

"Nimeuliza ni nani."

Aligusa kioo. Jina likatokea, na mzigo wake pembeni: 79.

Kihwele, Gaspari. Mfagiaji.

Mdomo wake unacheka, nyayo zake hazicheki. Mkewe Sabela alifariki miaka minne iliyopita, na mimi niliyefanya naye kazi kila siku sikuwahi kufikiri kwamba vigae vinajua zaidi yangu.

*

Nyumba yetu iko ghorofa ya thelathini na moja. Nyemo alikuwa amelala ubavu akitazama ukuta, chai ya asubuhi imeganda utando juu.

"Hujaenda shule."

"Hapana."

"Hujanywa chai."

"Hapana."

Zamani mtoto huyu alikuwa anabishana nami hata kuhusu rangi ya mswaki. Nilikaa pembeni ya kitanda. Sijui kubembeleza, sijawahi kujua. Baba yake ndiye aliyekuwa fundi wa hayo.

Lameki alikuwa anatengeneza Paa. Mwaka jana mwezi wa sita bati moja lilichomoka akaanguka nalo. Msiba tuliuweka koridoni kwa saa mbili, watu wakiingia wanne wanne, maana ndani hakuna nafasi, na kwenye Uwanja matanga yalikatazwa. Yalikatazwa kwa sababu ya ukurasa wa kumi na nne. Hatukutandika mkeka. Wapishi hawakuwapo, watani hawakuja kutuvuruga, hakuna aliyelala kwetu. Saa mbili zilipoisha nilimshika Nyemo mkono nikampeleka kwenye nusu saa yake, na njiani nikamwambia, "Jikaze. Usilie humo ndani. Vigae vinasoma."

Nikamfundisha. Kisigino kwanza, halafu vidole. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa sita. Usikokote mguu. Ukikaa, uti wa mgongo uguse benchi. Alijifunza haraka, ana akili. Mwaka mzima alitembea kama malaika, mzigo hamsini na tano, hamsini na nane, na mimi nikiona namba hizo jioni nilikuwa nalala usingizi. Miezi mitatu hii miguu ilianza kumshinda.

"Niko kwenye orodha," alisema kwa ukuta. Hakuwa anauliza.

"Nani kakwambia?"

"Mama, leo ni Jumatatu ya kwanza, na wewe umerudi nyumbani mchana."

"Nakutoa. Saa tisa unaingia Uwanjani kupimwa upya, unakaa humo mpaka saa kumi. Unatakiwa uwe chini ya sabini na nane. Unaweza?"

"Nikitoka mimi anaingia nani?"

"Hayo hayakuhusu."

"Yeriko alikuwa wa ngapi?"

"Nyemo!"

"Nauliza tu. Alikuwa wa ngapi?"

Nilisimama, nikachukua kikombe, nikamwaga chai kwenye sinki. "Vaa viatu vyepesi," nilisema. "Saa nane na nusu tunashuka."

*

Saa nane kasoro robo niliketi kwenye kibanda changu cha udhibiti, nikaandika kwamba kigae namba 2214 kimeharibika. Hakikuwa na tatizo lolote. Jina la Nyemo likafutika kutoka nafasi ya kumi na mbili, walio chini yake wakapanda ngazi moja moja, na mwishoni kabisa jina la Kihwele likaingia. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Nataka ieleweke kwamba nilijua. Sikujidanganya kwamba yeye ni mtu mzima atavumilia. Mfagiaji akipumzishwa hana hata kazi, maana geti ni moja. Atakaa chumbani kwake ghorofa ya tatu, karibu na mitambo, peke yake. Nililinganisha wawili hao nikamchagua wangu. Ningeulizwa tena saa ile ile ningemchagua tena.

Nyemo aliingia saa tisa kamili. Nilimtazama kwenye kioo: nukta ya kijani ikipita kwenye njia ya mizabibu. Hamsini na tisa. Kisigino, vidole. Sitini. Anaweza. Alikaa benchi namba nne, mgongo umegusa. Sitini na moja.

Mlango wa kibanda ukafunguka bila kubishwa.

"Mtani," alisema Kihwele, ananyoosha mkono wenye saa yake ya kazi. "Hii mashine yenu imelewa. Inasema nipumzike. Mimi nimeiambia nitapumzika nikifa, nao Wagogo ndio watakaochimba kaburi, bure."

Sikucheka. Alisubiri. Kisha uso wake ukaanza kubadilika polepole, kama mtu anayeshusha gunia.

"Siyo mashine," alisema.

"Siyo mashine. Ni mimi. Nyemo alikuwa wa kumi na mbili, nimemtoa. Wewe ulikuwa wa arobaini na moja."

Alivuta kile kigoda ninachokanyagia nikitengeneza taa, akakaa. Alikaa hivyo mpaka nikaona nijitetee, nikaanza kusema habari za siku ya tisa, na yeye akainua kiganja nikanyamaza.

"Yule mtoto," alisema, "ameshalia?"

"Nini?"

"Baba yake. Amemlilia?"

"Kihwele, nina dakika hamsini. Akilia leo..."

"Nilikuja kwenye msiba wa Lameki," alisema. "Mlinzi wa lifti akaniambia zamu za watu zimejaa. Nilikuwa nimevaa shati langu kinyume, nimejiandaa kwa utani wa msibani. Mhehe mzima, mtani wa marehemu, amesimama kwenye lifti na sufuria kichwani, anarudishwa." Alitikisa kichwa. "Umenifukuza kazi, haya. Hiyo tutazungumza. Lakini leo ndiyo siku yangu ya mwisho humu, na kuna jambo la kwangu sijalifanya."

"Usimguse mwanangu. Kihwele! Nakuomba. Subiri saa kumi ipite."

"Saa kumi geti linanitoa," alisema, akatoka.

*

Nilimwona kupitia dirisha la kibanda. Alifika kwenye njia ya mizabibu, akaegemeza ufagio, akapandisha suruali yake hadi karibu na kifua. Halafu akaanza kutembea.

Alikuwa anatembea kama Lameki. Mikono nyuma, tumbo mbele, na kila baada ya hatua nne anasimama kupandisha suruali iliyokuwa haijashuka. Alifika chini ya kichala kilichoiva, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakohoa kile kikohozi cha Lameki anapotaka kudanganya, akachuma zabibu tatu za serikali akazitupia mdomoni, na mbegu akazitema mfukoni. Mume wangu alifanya hivyo kila siku kwa miaka kumi na moja. Nilikuwa nafua zile mbegu.

Watu waligeuka. Kihwele akasimama mbele ya benchi namba nne.

"Wewe mtoto," alisema kwa sauti kavu ya marehemu, "mama yako yuko wapi? Nimesikia ananitafuta. Mwambie sijafika. Mwambie niko njiani tangu juzi."

Nyemo alimkodolea macho. Kisha akacheka, sauti moja fupi, kama kitu kilichopasuka. Kwenye kioo namba ikashuka hadi hamsini na nne. Nilishika meza kwa mikono miwili.

"Na suruali yangu," Kihwele aliendelea, "msimpe mtu. Nitaihitaji huko. Huko hakuna mikanda."

Nyemo akacheka tena, na katikati ya kicheko sauti ikageuka. Sitini na sita. Akafunika uso. Sabini na nne. Alilia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku tulipoletewa habari, sauti ya chini kabisa, ya tumboni, na Kihwele akaacha mchezo, akapiga magoti kwenye vigae akamkumbatia. Themanini na tatu. Tisini. Benchi likajikunja lenyewe kumwondoa, kama lilivyoundwa kufanya. Wakateleza chini pamoja, wakakaa sakafuni.

Tisini na saba. Jina lake likarudi kwenye orodha. Wa kwanza.

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na nane. Sijawahi kukimbia hivyo. Nilijua la kufanya: nimwinue, nimfute uso, nimwambie hesabu. Vuta kwa nne, toa kwa sita. Kwa dakika ishirini na mbili tungeweza kumrudisha hata kwenye sabini na saba, nimeona watu wakirudi. Vigae vilikuwa vinainuka chini yao kuwasukuma mashariki, na watu wanne au watano waliokuwa karibu walikuwa wamepanda vile vile kwenye kioo kabla sijatoka, themanini, themanini na mbili, lakini hawakuondoka. Mwanamke mmoja alikuwa ameweka mfuko wake chini na kukaa juu yake, analia naye, hata hatujui ni nani.

Ukurasa wa kumi na nne. Sita kwa mmoja. Niliwapima wakitoka getini, na hapo hapo nikafunga daftari. Sikuwapima wiki iliyofuata. Miaka miwili nimepima, na sikumfuata hata mmoja nyumbani kuona alilalaje.

"Nyemo," nilisema.

Aliinua uso. Ulikuwa umevimba, kamasi zinatoka, na macho yale yalikuwa yananiona. Mwaka mzima yalikuwa yananipita.

"Mama, nishindwe tu," alisema. "Niache nishindwe."

Mafundi tunavaa viatu vya mpira mzito ili vigae visitusome tunapofanya kazi. Nilivaa viatu hivyo siku ya msiba. Nilivaa siku zote. Nilikaa chini nikafungua kamba, cha kushoto, cha kulia, nikakanyaga kigae kwa miguu mitupu. Kilikuwa na joto.

Sikujua mzigo wangu ni kiasi gani. Sikutazama. Nilipitisha mkono shingoni kwa mwanangu, mwingine nikamshika Kihwele shati, nikafanya kile nilichomkataza mtoto kufanya.

Saa kumi kamili orodha ilijifunga yenyewe, bila mimi kuithibitisha. Saa ya mkononi mwangu ilitetema: apumzishwe siku tisini, wa tatu. Ya Nyemo ikatetema. Ya Kihwele ikakaa kimya. Wale waliolia nasi walikuwa wameingia juu yake, na sisi tumeingia juu yake, naye mzigo wake haukupanda, akasukumwa chini hadi arobaini na kitu, nje ya hesabu. Aliigeuza saa yake, akaipiga piga kwa kidole.

"Wagogo," alisema, sauti imekwaruza. "Hata msibani mnamsukuma mtu kwenye foleni."

Geti lilitutakia mapumziko mema. Rehani alikuwa amesimama upande wa nje, uso umemshuka. "Mama Nyemo, sasa nani atarekebisha Uwanja?"

"Bawaba ya benchi namba tisa haijakazwa," nilimwambia. "Spana iko chini yake."

*

Sijasema kwamba Nyemo amepona. Kwenye lifti alikuwa ameegemea kioo kama nguo mvua, na mimi nilikuwa nahesabu: leo siku ya sifuri, kesho ya kwanza. Naijua siku ya tisa ni Jumatano. Kama hesabu yangu mpya ni ya uongo kama ile ya zamani, nitakuwa nimemuua mwanangu mbele ya mashahidi.

Lakini sikuweza kukaa naye ndani ya chumba kile. Nilitoa mkeka juu ya kabati, ule wa ukili aliouleta Lameki wakati wa harusi yetu, haujatandikwa mwaka mzima. Nikafungua mlango wetu hadi mwisho nikauzuia na sanduku. Nikautandika koridoni.

Korido ya ghorofa ya thelathini na moja ina upana wa mita moja na nusu. Mkeka wetu una mita moja na nusu. Hakuna mtu angepita bila kuukanyaga. Tulikaa, Nyemo na mimi, migongo ukutani, miguu mbele. Nikaweka birika la umeme, lile la tuzo, na vikombe vyote tulivyo navyo, saba.

Watu walianza kurudi kazini. Wa kwanza alikuwa baba mmoja wa mlango wa mwisho, na mifuko ya sokoni. Alisimama.

"Mama, sasa tupite wapi?"

"Hapo hapo. Vua viatu upite katikati."

Aliguna. Alivua, akapita kwa ncha za vidole, akageuka mara moja. "Kuna msiba?"

"Wa mwaka jana," nilisema.

"Poleni," alisema, akaingia kwake, na mlango wake ukabaki na upenyo.

Wa pili alikuwa Mama Yeriko. Sijazungumza naye tangu mwezi wa tatu. Tumekuwa tukisikiliza kwanza, kila mmoja nyuma ya mlango wake, ili tusitoke pamoja. Alitoka kwenye lifti, akaona mkeka, akaona uso wa Nyemo, akaniona mimi. Anajua ni nani huthibitisha orodha. Kata nzima inajua.

Nyemo ndiye aliyesogea, sentimita chache tu, akapiga mkeka kwa kiganja mahali palipobaki wazi, kati yake na mimi.

Mama Yeriko alishika ukuta kwa mkono mmoja. Akavua kiatu cha kushoto. Akavua cha kulia, akavipanga pamoja pembeni.

Hakupita.